Seti ya modeli za molekyuli niliyochukua Dodoma mjini: pentaleni safi, azulini kuwa makini

Wana kemia wa Dodoma, hii seti ya plastiki nimeichukua stationeri moja upande wa Majengo kwa 45,000, naitumia kuwaelekeza vijana wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) wanaohangaika na zile haidrokaboni, molekyuli za kaboni na haidrojeni tu, zenye pete za kaboni 5 na 7, na kiukweli hela imeenda pazuri ila kuna sehemu inapotosha.

Anza na pentaleni, C8H6, pete mbili za kaboni 5 zilizoshikana. Ukiunga kaboni zote kwa vijiti vya aina moja inalingana kushoto kulia, juu chini. Sasa panga dabo bondi na singo bondi kwa kupishana, aisee ule ulinganifu unapotea palepale, unabaki wa kuizungusha nusu mzunguko mezani tu, na pentaleni yenyewe ndo inavyofanya! Ina elektroni za pai 8 (zile za dabo bondi zinazoweza kusambaa kwenye pete), haiingii kwenye 4n+2 ya Hückel, yaani kanuni kwamba pete inatulia ikiwa na elektroni za pai 2, 6, 10 na kuendelea, halafu hali yake ya chini na inayofuata juu zimekaribiana kinishati, kwa hiyo ikijipotosha kidogo bondi zikawa fupi ndefu fupi ndefu nishati inashuka. Na bado haitulii, isipokingwa na vikundi vikubwa vya atomi pembeni inaungana yenyewe kwa yenyewe hata kwenye baridi kali. Kijana akishaijenga kwa mikono yake hasahau.

Azulini sasa, C10H8, ile ya bluu, pete ya kaboni 5 imeshikana na ya 7, fomula moja na naftalini. Hapa seti inakulazimisha uchague dabo ikae wapi, unaishia na pande zisizolingana, wakati azulini halisi ina elektroni za pai 10, inaingia kwenye 4n+2, na bondi za ukingoni zote urefu wake unakaribia pikomita 140, ulinganifu wake upo palepale. Seti inachopatia ni bondi ya katikati, ile inayogawanya pete mbili, hata upange vipi inabaki singo, na kweli ni ndefu, kama pikomita 150.

Ubora wa kati. Matundu ya kaboni yamekaa digrii 120 wakati pete ya 5 inataka 108 na ya 7 inataka karibu 129, vijiti vigumu vinabana mpaka vingine vinakatika. Heptalini, ile ya pete mbili za kaboni 7 zilizoshikana, inajikunja, hiyo sio kosa, hata halisi haikai bapa. Mfuniko umelegea, na vumbi letu hili la kiangazi linajaa kwenye matundu, tafuteni mfuko wa zipu.

Kabla ya kulipa fungua boksi uhesabu kaboni zenye matundu matatu, zisipofika 12 heptalini huijengi.