Halo Infinite na Halo ijayo: kipimo cha Mombasa

Halo ni mfululizo wa Microsoft wa gemu za kupiga risasi. Ukishika pedi, Halo Infinite ndiyo Halo tamu zaidi tangu Halo 3 ya mwaka 2007. Kama gemu ya kuongezewa vitu kila msimu, ilikuwa ya kuchelewa: vingi vilivyoahidiwa vilifika wakati wachezaji wameshahamia kwingine. Yote mawili yanaihusu Halo ijayo, Halo: Campaign Evolved, iliyotangazwa Oktoba 2025 na kupangiwa mwaka 2026, kwa kuwa studio ni ile ile. Iliitwa 343 Industries hadi Oktoba 2024, ikajipa jina la Halo Studios, na papo hapo ikaiacha injini yake ya Slipspace, programu ya kuendeshea gemu, na kuhamia Unreal Engine 5. Jina jipya halimsaidii mtu. Mchezaji wa Mombasa anataka kujua mambo matatu: seva iko umbali gani, je watu wawili watakaa mbele ya runinga moja, na faili litakula gigabaiti ngapi.

Haki ya kuuliza anayo. Halo 2 ya mwaka 2004 ilivileta vita vya kuilinda Dunia hapa hapa. Misheni ya Metropolis inaanzia kwenye daraja refu la kuingilia Mombasa Mpya. Halo 3: ODST ya mwaka 2009 karibu yote inatembea katika mitaa ya mji huo mwaka 2552, na misheni zake zina majina kama Tayari Plaza, Kizingo Boulevard na Kikowani Station. Mkaazi wa Kizingo hataitambua, maana mle ni maghorofa na barabara pana zisizo na tuktuk hata moja, lakini majina yameandikwa sawasawa, jambo ambalo wageni wengi hushindwa. Halo 3 nayo inapita Tsavo na kupigana Voi. Anayetaka kuyaona yote hayo anunue Halo: The Master Chief Collection, mkusanyiko wa gemu sita unaochezeka hata kwa kompyuta ya umri mkubwa.

Turudi kwa Infinite. Sehemu ya wachezaji wengi ilitoka Novemba 15, 2021, na ni ya bure. Unaanza na bunduki ya MA40 yenye risasi 36 na bastola ya Sidekick yenye risasi 12, na kila mtu anaanza sawa. Bunduki kubwa ziko kwenye ramani, anayezijua saa na mahali ndiye anayezipata. Utamu wake uko kwenye mizani ya vitu vitatu: risasi ya kuvunja ngao inayomkinga kila mchezaji, guruneti ya kumtoa adui mafichoni, na ngumi ya kumalizia. Bunduki ya BR75 huua kwa mipigo minne, mitatu ya ngao na wa nne kichwani, kwa hiyo mtu mwenye shabaha hamwogopi mwenye bahati. Kamba ya Grappleshot ndiyo nyongeza bora kabisa tangu Halo 3. Inakuvuta ukutani, inanyakua silaha iliyolala mbali, inakupandisha juu ya gari la adui. Kukimbia kumebakishwa lakini kumepunguzwa makali, tofauti yake na kutembea ni ndogo, na huo ulikuwa uamuzi wa busara.

Sasa deni. Kampeni, yaani sehemu ya hadithi, ilitoka Desemba 8, 2021 bila uwezo wa kuicheza wawili. Kushirikiana kwa mtandao na karakana ya kujengea ramani, Forge, vilisubiri hadi Novemba 2022. Skrini ya kugawana kwenye kampeni ilifutwa Septemba mwaka huo, ilhali mkuu wa studio wa wakati ule aliahidi hadharani mwaka 2017, baada ya malalamiko ya Halo 5, kwamba haitakosekana tena. Msimu wa kwanza ulidumu karibu miezi sita huku ramani zikiwa zile zile. Jambo moja waliloliweka sawa tangu mwanzo ni pasi ya msimu isiyoisha muda: ukiinunua ni yako, hata ukikaa mwaka mzima bila kucheza. Toleo kubwa la mwisho lilitoka Novemba 2025, kwa hiyo anayeingia leo anaikuta gemu iliyokamilika.

Tatizo la hapa ni mtandao, na linafaa kuelezwa vizuri kwa sababu wengi hulaumu kitu kisicho. Mwamuzi wa risasi ni seva, wala si mashine yako. Unafyatua, taarifa inakwenda, seva inaamua, jibu linarudi. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za umbali hugharimu milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Johannesburg iko karibu kilomita 2,800 kutoka hapa kwa mstari ulionyooka, Dubai karibu 3,700, na Microsoft ina vituo vya data katika miji yote miwili tangu 2019. Kwa hesabu tupu hizo ni milisekunde 28 na 37. Hazipatikani, kwa sababu kebo hufuata bahari, na mtoa huduma anaweza kuipeleka taarifa yako Nairobi kwanza, au Ulaya kabisa, kabla ya kuirudisha kusini. Ndiyo kinaya cha mji huu: kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata, faiba ya nusu ya Afrika Mashariki inapita mlangoni petu, na bado mtu wa Kisauni anakufa akiwa ameshajificha nyuma ya ukuta.

Dalili ni tatu. Ngumi inampita adui kana kwamba hayupo. Unauawa sekunde moja baada ya kuingia mafichoni. Gari linaruka hatua, liko hapa mara liko kule. Sehemu ya kosa ni ya Infinite yenyewe, na studio ilikiri mwaka 2022 kwamba kazi ya kurekebisha ilikuwa bado. Lakini kabla ya kuitukana, jipime. Fungua Command Prompt kwenye Windows, piga ping, kipimo cha muda wa taarifa kwenda na kurudi, mara 100 kwenye anwani ya ruta yako mwenyewe, saa mbili usiku, watu wote wakiwa nyumbani. Kama majibu yanaruka kutoka milisekunde 2 hadi 40, ugonjwa uko sebuleni kwako: Wi-Fi imejaa, au ukuta wa matumbawe wa nyumba ya zamani unameza mawimbi. Waya wa LAN wa mita kumi unamaliza kesi. Kama ruta inajibu vizuri lakini nje kunayumba, tazama kwanza kama kuna simu inapandisha picha na video. Njia ya kupakia ikijaa, ping ya 90 hupanda hadi 300 bila kasi ya kupakua kuonekana imepungua. Mbps 5 zilizotulia zinaishinda Mbps 40 zinazoyumba, na hili watu hukataa kuliamini mpaka walione.

Kukiwa na hitilafu ya baharini hakuna ujanja. Mei 12, 2024 EASSy na SEACOM zilikatika siku moja kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na seva za kusini zikawa mbali kama za Ulaya. Ndiyo maana ombi la kwanza kwa Halo yoyote itakayokuwa na mashindano ni mchezaji aruhusiwe kuchagua eneo la seva mwenyewe. Master Chief Collection iliweka uwezo huo Novemba 2020. Infinite ikatoka mwaka mmoja baadaye bila huo. Aliyeifanya kazi hii mara moja anaisahauje?

Kuhusu mashine, kiwango cha chini cha Infinite ni Core i5-4440 au Ryzen 5 1600, RAM ya gigabaiti 8, na kadi ya GTX 1050 Ti au RX 570. Hiyo inaangukia pazuri kwa kompyuta za ofisi za mtumba, maana nyingi zina i5 ya kizazi cha nne. 1050 Ti hutumia takriban wati 75 na nyingi hunywa umeme moja kwa moja kutoka kwenye bodi bila waya wa ziada, kwa hiyo pawasapulai ndogo ya kiwandani inatosha. Angalia mambo mawili kabla ya kulipa. Kasha likiwa jembamba, kadi nayo iwe fupi ya kimo, la sivyo haiingii. Na usikubali GTX 1050 ya kawaida yenye gigabaiti 2 ukiambiwa ni ile ile. Gemu inataka 4. RAM iwe vijiti viwili vya 4 badala ya kimoja cha 8. Kisha kwenye mipangilio shusha ubora wa michoro, acha kiwango cha chini cha fremu kiwe 60 kwa sekunde ili gemu ipunguze ukali wa picha yenyewe pale mambo yanapokuwa mazito, na subiri imalize maandalizi yake ya kwanza kabla ya kuingia mechini. Feni isafishwe mara kwa mara: joto letu la chumvi na vumbi hupunguza kasi ya mashine kimyakimya, na mtu hudhani gemu imeharibika.

Infinite inaomba gigabaiti 50. Kwa laini ya Mbps 10 hizo ni saa 11 na dakika chache, kama hakuna mwingine nyumbani anayegusa intaneti. Ukiwa Steam, duka la gemu za PC, ingia kwenye orodha ya nyongeza za gemu uondoe alama kwenye kampeni na kwenye michoro ya ukali wa juu. Asiyekuwa na kadi kubwa hatapoteza kitu. Kucheza kwenyewe hakuli bando sana. Kinachokula ni masasisho.

Campaign Evolved je? Ni Halo ya kwanza, ile ya 2001, iliyojengwa upya: misheni kumi za asili na tatu mpya zinazotangulia hadithi. Watu wanne wataicheza pamoja mtandaoni hata wakiwa na mashine tofauti, na wawili kwa skrini moja kwenye konsoli. Kwenye PC hakuna skrini ya kugawana, na hilo ni pungufu lisilo na udhuru. Kubwa zaidi ni kwamba itatoka PlayStation 5, jambo ambalo Halo haijawahi kulifanya. Mji huu vibanda vya gemu ni vya PlayStation. Xbox ni ya kutafutwa.

Hofu ya mashabiki iko kwenye kukimbia. Vyumba vya gemu ya asili vilipimwa kwa mtu anayetembea: umbali kati ya mafichoni na adui, urefu wa kuruka, muda wa ngao kurudi. Ukimpa miguu ya mbio, anampita adui badala ya kupigana naye. Studio imesema kukimbia kunaweza kuzimwa, lakini mipangilio haitoshi. Tunachotaka ni misheni zilizosawazishwa kwa asiyekimbia. Silaha tisa za Halo za baadaye zinaongezwa pia. Sawa, ila bastola ya M6D ibaki na makali yake. Risasi moja kwenye nyama ya rangi ya chungwa mgongoni mwa Hunter, adui mkubwa mwenye deraya, ilitosha kumwangusha, na anayeijua gemu hiyo atalijaribu hilo kabla ya jambo lingine lolote. Ikikataa, wataalamu watajua kilichobaki ni ngozi tu.

Pa kurekebishwa papo, na si dhambi. Misheni ya The Library ni ghorofa zinazofanana, milango inayofanana, na viumbe wa Flood wasiokwisha. Mtu hupotea akarudi alikotoka bila kujua. Two Betrayals inakurudisha kinyumenyume katika ramani ya Assault on the Control Room. Mwaka 2001 hiyo ilikuwa njia ya kuokoa muda wa watengenezaji. Leo, na kwa bei ya gemu mpya, alama za njia na mwanga tofauti kwa kila ghorofa ndicho kiwango cha chini.

Kinachokosekana kabisa ni mashindano ya mchezaji kwa mchezaji. Hilo linabana soko la hapa, maana kibanda kinaishi kwa mechi fupi, mshindi anabaki, aliyeshindwa anaachia pedi. Kampeni haiuziki kwa mechi. Tena nyingi ya konsoli za vibandani bado ni PS4, na gemu hii haishuki huko.

Mwenye PC ya kiwango tulichotaja aipakue Infinite leo, sehemu ya wachezaji wengi ni bure, na asitarajie mashine hiyo hiyo kubeba Campaign Evolved. Mwenye Xbox Series S asubiri bei ishuke, na kwanza aondoe gemu asizocheza, maana gigabaiti 512 za modeli ya kawaida hujaa upesi. Mwenye kibanda aliyekwisha kununua PS5 ajitayarishe na pedi ya pili nzima isiyovuta upande mmoja, UPS, betri ya akiba, ya kulinda mahali walipofika stima ikipotea, na bei ya saa badala ya bei ya mechi. Misheni kama Assault on the Control Room, kwa watu wawili katika ngazi ya ugumu ya Heroic, inaweza kumaliza saa nzima hiyo peke yake.