Visanduku vitatu vya meshi kwenye nyumba ya mawe: uzoefu wangu wa miezi mitano

Nina nyumba ya wageni ya vyumba saba Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Ni nyumba ya marehemu babu: chini, ghorofa mbili, kisha juu kabisa baraza la makuti ambapo wageni hunywa chai jioni wakitazama jahazi. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene karibu nusu mita, na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko. Ukijifungia chumba cha chini, hata adhana ya msikiti wa jirani huisikii sawasawa. Sasa pitisha waifai humo.

Oktoba nikanunua seti ya meshi, yaani visanduku vya waifai vinavyopokezana mtandao hewani: vitatu, vyeupe, vyenye ukubwa wa bakuli la uji, shilingi 24,000. Kimoja niliunga na rauta ya intaneti pale chini mapokezini, cha pili nikakitia kwenye kidaka cha ukuta ghorofa ya kwanza, cha tatu ghorofa ya juu karibu na ngazi ya baraza. Kufunga ni dakika ishirini, programu ya simu inakuongoza hatua kwa hatua, na taa zote zikawa kijani. Hapo sina malalamiko. Mgeni anatembea toka chini hadi juu na simu yake haikatiki, jina la mtandao ni moja, nywila ni moja. Kifurushi changu ni megabiti 40 kwa sekunde. Chini nilipata 38, juu 20 na kitu. Nikasema alhamdulillah.

Kaskazi ikaja na wageni wake. Kuanzia saa moja jioni simu yangu ikawa haipumziki: "Boss, intaneti imelala." Napanda juu, napima: megabiti 3. Mara 5. Mara ukurasa haufunguki kabisa. Na ajabu ni kwamba alama za waifai zimejaa pomoni, taa kijani kibichi. Nikarudi kwa muuzaji. Jibu lake halikuchukua hata nusu dakika: "Nyumba kubwa hiyo, bwana. Ongeza kimoja." Nikaongeza, nikakiweka katikati ya ngazi. Ikawa mbaya zaidi. Elfu nane zimekwenda, na wageni wanazidi kuning'unika.

Aliyenifungua macho ni mpwa wangu, kijana anayesomea mambo haya. Alikuja siku ya Ijumaa kula pilau, akanisikia nikilaani kuta za babu. Akaniuliza swali moja tu: "Mjomba, saa tisa usiku inakuwaje?" Sikuwa nimewahi kupima saa tisa usiku, nani hupima? Usiku ule nikaamka, nikapima juu: megabiti 21. Kuta ni zilezile. Basi kosa si la ukuta peke yake. Ukuta haulali.

Kesho yake akafanya jaribio la pili. Nina kamera ya usalama pale barazani, inatuma picha mfululizo hadi mashine ya kurekodia iliyo mapokezini. Akaizima saa mbili usiku, nyumba imejaa. Ghorofa ya kwanza ikapanda kutoka 6 hadi 19 papo hapo. Akaiwasha, ikaporomoka. Kamera yenyewe haili hata megabiti 4. Vipi kitu kidogo hivyo kivunje kikubwa?

Tukiwa tumekaa ngazini, jibu likaja lenyewe. Mama anakaa ghorofa ya kwanza, na mimi nilikuwa nimempigia kelele kutoka chini: "Mama, funguo za namba tano ziko wapi?" Wakati uleule dada yangu kutoka juu: "Mama, unga wa mahamri umeisha!" Mama akatoka mlangoni na leso begani: "Mwasema nyote pamoja, simsikii hata mmoja!" Mimi sikumsikia dada, dada hakunisikia mimi, kila mmoja alidhani nyumba imetulia. Kijana akacheka mpaka akashika mbavu. "Mjomba, hiyo ndiyo waifai yako."

Alinieleza hivi, nami naeleza nilivyoelewa. Visanduku vyote, au nodi kama wanavyoviita wao, hutumia chaneli moja ya hewa. Kila kimoja kabla ya kutuma husikiliza kwanza. Hewa ikiwa kimya husubiri muda kidogo wa kubahatisha, kisha husema. Ni adabu nzuri, lakini inategemea wote wasikizane. Kisanduku cha chini na cha juu kwangu hapa havisikizani, sakafu mbili na mawe yamewatenga. Cha kati kinawasikia wote. Kwa hiyo cha chini kinashusha filamu ya mgeni kuelekea kati, cha juu kinatuma picha ya kamera kuelekea kati, kila kimoja kimesikiliza na kuona kimya, na mawimbi yanagongana kwenye kile kidaka cha ukuta. Ujumbe wote wawili unaharibika. Wataalamu humwita mhusika wa namna hii nodi iliyofichika.

Tena redio haiwezi kusikiliza huku inasema, sauti yake mwenyewe inaifunika. Haijui kwamba kuna mgongano. Inachojua ni kwamba jibu la "nimepokea" halikuja. Hapo hurudia, lakini safari hii huongeza kipimo cha kubahatisha karibu maradufu: kutoka nafasi 15 hadi 31, kisha 63, na kuendelea, mwisho 1023. Ndiyo maana jioni taa zinabaki kijani na mtandao unakokota miguu: muda mwingi wanangojeana na kurudia yaleyale. Na kile kisanduku cha nne? Nilikuwa nimeongeza mdomo mwingine kwenye mazungumzo yaleyale, na kituo kimoja zaidi njiani. Kila mruko wa hewani, yaani safari ya kutoka kisanduku hadi kisanduku, kwenye chaneli ileile unakula karibu nusu ya uwezo, maana kisanduku kinapokea kwanza ndipo kipeleke mbele.

(Kijana alinipa na hadithi ya visiwa, akijua mimi mtu wa kisiwa. Mwaka 1971 huko Hawaii, Norman Abramson na wenzake waliunganisha vituo vya visiwani na kompyuta ya chuo kikuu kwa redio, mtandao wakauita ALOHAnet. Kila kituo kilituma kikitaka, bila kusikiliza mwingine. Hesabu ikaonyesha kwamba mtindo huo, hata ukifikia kiwango chake cha juu kabisa, ni takriban asilimia 18 tu ya uwezo wa hewa inayofikisha ujumbe salama. Nikamwambia jioni zangu ni Hawaii tupu.)

Sasa dawa. Seti hii ina kitu ambacho seti nyingi za bei hii huficha: ukurasa wa mipangilio ya ndani, unaofunguliwa kwa kivinjari wala si kwa programu ya simu. Humo kuna kipimo cha RTS, yaani ukubwa wa ujumbe unaolazimu kuomba ruhusa kabla ya kutuma; kimewekwa baiti 2347, maana yake ni kama kimezimwa. Tukakishusha hadi 500. Kuanzia hapo, kisanduku chenye mzigo mkubwa kinaomba ruhusa kwanza kwa kijiujumbe kifupi. Cha kati kinajibu "haya, wewe, kwa muda huu," na jibu hilo linasikika chini na juu pia, kwa hiyo yule mwingine ananyamaza ingawa hamsikii mwenzake. Ni kama mama angesema, "Ngoja wewe wa chini, namsikiliza wa juu." Jioni ile ghorofa ya juu ilitoka 3 hadi 11. Si bure: kuomba ruhusa nako kunachukua muda, saa tisa usiku kasi ilishuka kutoka 21 hadi 18. Nilikubali.

Kilichomaliza kazi ni waya. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi na huwezi kutoboa kuta kiholela, basi tukaushusha waya kwenye upenyo wa ngazi, nyuma ya ubao wa mkono, kutoka kisanduku cha chini hadi cha kati. Mita kumi na nne. Kisanduku cha chini hakina tena haja ya kumpigia cha kati kelele hewani, na kamera ya juu ina mruko mmoja tu. Cha nne nikakitoa. Leo, nyumba ikiwa imejaa, ghorofa ya juu nasoma 24 hadi 27 saa mbili usiku, na picha ya kamera haigandi.

Uzuri wa seti hii, basi: kufunga kwake, jina moja la mtandao, matundu mawili ya waya kwenye kila kisanduku, na ule ukurasa uliofichwa. Ubaya: karatasi ya maelekezo haisemi neno kuhusu mgongano, na programu ya simu inaonyesha "muunganisho bora" hata wakati hakuna kinachopita. Huduma kwa wateja walinijibu baada ya siku sita, wakaniambia nizime niwashe. Plastiki yake pia imeanza kugeuka manjano kwa hewa ya chumvi, ila hilo hapa kwetu linakipata kila kitu.

Nyota tatu na nusu. Kama nyumba yako ni ya vyumba viwili vya bloku kule Bamburi, viwili vinakutosha na huenda usione lolote kati ya haya. Kama ni ya mawe na ghorofa, tafuta njia ya waya kabla hujatoa pesa, na kabla hujaongeza kisanduku amka saa tisa usiku upime.

Kile cha nne kimerudi kwenye boksi lake, juu ya kabati mapokezini. Anayekitaka apite Kibokoni, bei tutaelewana.