Google Flights: kalenda safi ya nauli, lakini sababu ya bei itafute kwingine

Kwa anayetafuta tiketi ya kwenda nje kutoka Dar es Salaam au Nairobi, Google Flights, ukurasa wa Google wa kutafuta nauli za ndege, ndipo pa kuanzia. Si pa kumalizia. Bonyeza sehemu ya tarehe, na kalenda inafunguka ikiwa na nauli ya kila siku. Kwa safari ya kwenda na kurudi lipo pia jedwali la tarehe, linaloonyesha papo hapo kama kusogeza safari siku mbili kunaokoa chochote. Kasi hiyo inatokana na ITA Software, kampuni ya programu za kutafuta nauli ambayo Google ilikamilisha kuinunua mwaka 2011. Kwa kazi hii sijaona chombo cha bure kinachoishinda.

Kasoro yake ni kwamba inakupa bei bila kukuambia imetoka wapi. Viti vya daraja la kawaida, hata vikifanana kabisa, hugawanywa katika makundi ya nauli yenye herufi. Y kwa kawaida ndiyo nauli kamili. Chini yake huja nyingine kama M, K, L au T, kila shirika la ndege na mpangilio wake. Kundi la bei nafuu likiisha, au shirika likilifunga kwa kutarajia wasafiri wa dharura watakaolipa zaidi, anayefuata huuziwa kundi la juu. Ndiyo maana nauli hupanda ghafla wakati ndege bado ina viti tele, na huweza kushuka tena kundi likifunguliwa. Kufuta historia ya kivinjari hakufungui kundi lililofungwa.

Wanaoumia zaidi ni familia. Ukitafuta tiketi nne kwa pamoja na kundi la chini limebakiza viti viwili, mfumo kwa kawaida huwapandisha wote wanne hadi kundi lenye nafasi nne. Google Flights haikuonyi. Tafuta kwanza kwa abiria mmoja, kisha wawili, kisha wanne, ukiangalia nauli ya kila kichwa. Ikipanda katikati, nunua kwa mafungu mawili. Kila fungu lenye mtoto liwe na mtu mzima, kisha liombe shirika liunganishe kumbukumbu za tiketi za mafungu hayo, maana ndege ikiahirishwa fungu moja linaweza kuhamishwa peke yake.

Ukitaka kuiona herufi yenyewe, ingia ITA Matrix, chombo cha Google hiyo hiyo. Hakiuzi tiketi na sura yake ni kavu, lakini ukifungua safari moja utakuta msimbo wa nauli (herufi ya kwanza kwa kawaida ndiyo kundi), masharti, na kodi moja moja. Tazama mistari ya YQ na YR: hizo ni tozo za shirika lenyewe, si za serikali, na wakati mwingine ni sehemu kubwa ya bei. Hili Google Flights ingepaswa kulionyesha waziwazi.

Kuna pia bei ambazo kalenda haiwezi kuzieleza. Nairobi–London kupitia Doha inaweza kuwa rahisi kuliko Nairobi–Doha peke yake, ingawa kipande cha kwanza ni kile kile. Shirika halitozi kwa kilomita, hutoza kwa soko: kwenda London linashindana na ndege za moja kwa moja za Kenya Airways na British Airways, hivyo lazima lipunguze. Usinunue ya London ili ushukie Doha. Begi ulilokabidhi litaendelea na safari, na ukiruka kipande kimoja, shirika kwa kawaida hufuta vyote vinavyofuata, pamoja na cha kurudi.

Kwenye kulipa, Google Flights hukupeleka kwa shirika au kwa wakala wa mtandaoni. Bei ya kwenye kalenda inaweza kuwa ya utafutaji uliopita, kwa hiyo iamini ile tu inayobaki hadi hatua ya malipo. Tofauti ikiwa ndogo, lipa kwa shirika. Tiketi ya wakala ikihitaji kubadilishwa, mara nyingi shirika hukurudisha kwake, naye ana ada yake juu ya ile ya shirika. Hakikisha pia kilo za mzigo: nauli ya chini kabisa mara nyingi haina begi la kukabidhi, na kulilipia uwanjani kunaweza kumeza nafuu yote uliyoipata kwenye kalenda.