Coluche na Jón Gnarr: wachekeshaji wawili walioomba kura

Mwishoni mwa mwaka 1980, mchekeshaji wa Ufaransa, Coluche, alitangaza kuwania urais. Wengi walidhani ni kichekesho, mpaka kura moja ya maoni ilipompa takriban asilimia 16. Hapo vyama vikubwa vikaacha kucheka. Machi 1981 alijitoa, kabla jina lake halijafika kwenye karatasi ya kura, na mwezi Mei mwanasiasa wa Chama cha Kisoshalisti, François Mitterrand, akashinda urais.

Jón Gnarr wa Iceland alikwenda mbali zaidi. Benki za nchi yake zilikuwa zimeanguka mwaka 2008 na wananchi walikuwa na hasira. Chama chake, kilichojiita Chama Bora, kiliahidi taulo za bure kwenye mabwawa ya kuogelea na dubu mweupe kwa bustani ya wanyama. Mei 2010 kikazoa viti 6 kati ya 15 vya baraza la jiji la Reykjavik, naye akawa meya. Kampuni ya nishati ya jiji ilikuwa imezama kwenye madeni. Ikabidi bei zipande na wafanyakazi wapunguzwe. Akamaliza muhula wake wote hadi 2014.

Mimi nampa Gnarr heshima kubwa zaidi. Kuwaumbua wakubwa kunahitaji ujasiri, lakini yeye alikubali pia kulaumiwa kama wao. Hata hivyo Coluche asidharauliwe: mwaka 1985 alianzisha Restos du Cœur, shirika ambalo hadi leo linawalisha maskini wa Ufaransa.