Fedha zilizosahauliwa benki, kwenye simu na kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii: uzoefu wangu wa kuzifuatilia Unguja na Pemba

Nianze na hukumu yangu, wenye haraka wasisubiri. Fedha iliyosahauliwa hupatikana, na kazi yenyewe haihitaji wakala wa kukatiwa asilimia. Kinachokwamisha karibu kila dirisha ni jina. Kwenye kitabu cha benki mtu ameandikwa Hamisi Ally Juma, kwenye kitambulisho cha Mzanzibari ni Khamis Ali Juma, na cheti cha kifo kimetoka Khamis Ali Juma Makame kwa sababu aliyekwenda kuandikisha aliongeza jina la babu. Kwa jirani huyo ni mtu mmoja. Kwa karani ni watu watatu, na karani hana makosa, kwani akikosea fedha huenda kwa asiyestahiki.

Ninayoyaandika ni ya njia ninazozitumia kuwafuatilia jamaa na majirani: wazee waliosahau akaunti zao, na warithi wa waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Hapa kwetu hakuna mlango mmoja wa kuandika jina ukaonyeshwa mabenki yote, simu zote na mifuko yote. Kila mmoja huulizwa peke yake, kwa hiyo upekuzi huanzia nyumbani. Tafuta kitabu cha akiba, kadi ya ATM hata iliyokwisha muda, risiti za kuweka fedha, stakabadhi za kuuzia karafuu, slipu za mshahara, kadi ya uanachama wa mfuko, laini za simu. Usitupe laini kwa kuwa haishiki tena mtandao. Ile namba ndefu iliyochapwa mgongoni mwake inaweza kumsaidia mhudumu kuijua ilikuwa ya nani.

Kitabu cha zamani cha benki nakithamini kuliko karatasi zote. Gamba la nje halikwambii kitu. Fungua ukurasa wa kwanza: pana namba ya akaunti, jina la tawi, na picha ndogo iliyogongwa muhuri, nusu ya wino iko juu ya picha na nusu juu ya karatasi. Pembeni pana sahihi au dole gumba. Ukiona dole gumba, mwambie karani mapema, maana mwenye dole hakuandika jina lake mwenyewe. Aliyeandika ni karani wa siku ile, na tahajia ni yake yeye. Hapo ndipo Othman anapogeuka Athumani na Mwanaisha anakuwa Aisha. Omba watafute kwa namba ya zamani kabla ya kutafuta kwa jina. Benki zimebadilisha mitambo, namba nazo zimebadilika, lakini ya zamani kwa kawaida imeunganishwa na mpya. Karani akikwambia "haipo", muulize ametafuta kwa namba ipi.

Angalia pia benki yenyewe sasa inaitwaje. Benki ya Biashara ya Taifa iligawanywa mwaka 1997, ikazaliwa NBC mpya na NMB, kwa hiyo kitabu cha NBC cha kabla ya hapo huenda akaunti yake iko NMB. Benki ya Posta ikawa TPB, ikaimeza Twiga Bancorp mwaka 2018, na leo ni TCB. Mwenye kitabu cha Twiga asirudi nyumbani kwa kuwa kibao hakipo tena mlangoni. Benki ya Watu wa Zanzibar, PBZ, iko tangu 1966 na jina lake halikupotea, na kwa wazee wa Unguja na Pemba ndiyo naanza nayo kuuliza.

Benki iliyofungwa ni habari nyengine. FBME, iliyokuwa na tawi hapa Zanzibar, ilifutiwa leseni Mei 2017. Bodi ya Bima ya Amana ndiyo inayowalipa wateja sehemu iliyokatiwa bima, na kikomo cha wakati ule kilikuwa shilingi 1,500,000 kwa mteja. Kilichozidi hapo kinangoja mali za benki ziuzwe na mfilisi. Aliyekuwa na laki nane aulizie malipo ya bima. Aliyekuwa na milioni ishirini ana madai mawili, la bima na la ufilisi, na ayafuate yote mawili.

Mwenye akaunti akiwa hai, mambo ni mepesi. Akaunti isiyoguswa muda mrefu hulala, yaani fedha zimo lakini kutoa kumefungwa. Aende mwenyewe na kitambulisho, picha za pasipoti na kitabu au kadi, ajaze fomu ya kuifufua, kisha aweke kiasi kidogo ili ihesabike kuwa inatumika. Asikubali kuondoka bila ya taarifa ya akaunti iliyochapwa, kwa sababu makato ya kila mwezi hula akiba ndogo kimyakimya, na bila ya karatasi hiyo huwezi kujua kimekatwa nini. Usimwache mzee asubiri zaidi. Sheria ya mabenki ya mwaka 2006 inataka fedha zilizotelekezwa kwa miaka mingi zikabidhiwe Benki Kuu. Hazipotei, ila safari inakuwa ndefu na karatasi zinaongezeka.

Jambo moja ambalo Waislamu wengi huliuliza: riba. Akaunti ya akiba ya kawaida huwa imeongezwa faida miaka yote hiyo. Omba taarifa inayoonyesha faida mbali na amana, mwenye mali au warithi waamue wenyewe waifanye nini. Wasipoiomba siku ile, wataikumbuka wakati wa kugawana, na kurudi kuitafuta huleta mivutano isiyo ya lazima.

Kwenye simu, kwanza piga *106# kwenye laini unayotumia. Utaona namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Huduma hii naipa alama za juu: ni ya papo hapo na mara nyingi humkumbusha mtu laini aliyoisahau kabisa. Baada ya usajili wa alama za vidole, laini nyingi zilizimwa mwaka 2020, na baadhi zilizimwa na fedha ndani. Fedha hizo si za kampuni. Kanuni za fedha za kielektroniki za 2015 zinaitaka kampuni iweke fedha za wateja kwenye akaunti ya amana benki, mbali na fedha zake. Zantel na Tigo zimeingia kwenye jina la Yas tangu 2024, kwa hiyo mwenye salio la zamani aulizie huko.

Ugumu wa simu uko kwengine. Bibi kijijini Micheweni anatumia laini iliyosajiliwa na mjukuu kwa sababu siku ile bibi hakuwa na kitambulisho. Kwa kampuni, mwenye laini ni mjukuu. Bibi akifariki, warithi hawawezi kuidai fedha ile kwa cheti cha kifo cha bibi. Mjukuu ndiye wa kwenda, na ni wajibu wake aitoe na kuiingiza kwenye mirathi. Kama bibi yu hai, mpelekeni leo dukani laini ihamishiwe jina lake. Laini isiyotumika muda mrefu nayo hufungwa na namba ikapewa mtu mwengine; salio bado linadaiwa, lakini lazima uthibitishe namba ilikuwa yako tarehe zile. Na katu usitumie namba ya siri ya marehemu kutoa fedha baada ya kufariki, hata kama nyumba nzima inaijua. Hapo unagusa mali ya warithi, wakiwemo mayatima, na wengine hawajakuruhusu.

Mifuko ya hifadhi ya jamii ndiko ninakoona fedha nyingi zaidi zimelala, hasa za watu wa mahoteli. Kijana amefanya kazi Nungwi msimu mmoja, Paje msimu mwengine, halafu akavuka kwenda Dar es Salaam. Michango ya Zanzibar iko ZSSF, mfuko ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1998. Ya sekta binafsi Bara iko NSSF. Waliokuwa watumishi wa umma Bara chini ya PSPF, PPF, LAPF au GEPF waulizie PSSSF, iliyoiunganisha yote minne mwaka 2018. Chukua taarifa ya michango, uiweke kando ya slipu za mshahara, na uzipitie mwezi kwa mwezi. Utakutana na makosa mawili. La kwanza, mwajiri mpya amekufungulia namba mpya ya uanachama badala ya kutumia ya zamani, miaka yako ikagawika. Omba ziunganishwe, kwa maandishi. Hili si dogo: NSSF inahitaji michango ya miezi 180 kwa pensheni, na aliyegawika namba mbili anaweza kuonekana hajafika. La pili, mwajiri amekata kwenye mshahara asiwasilishe. Slipu hapo ndiyo shahidi wako, na mfuko ndio wenye nguvu ya kumdai mwajiri. Asiye na slipu atafute taarifa ya benki aliyokuwa akilipiwa mshahara, na barua ya ajira.

Hisa nitazipita haraka. Walionunua za NMB mwaka 2008 au za Vodacom mwaka 2017 kwa shilingi 850 wengi walisahau, wakabadilisha benki, na gawio likawa linarudi. Dalali wa hisa aliyesajiliwa anaweza kukutazamia akaunti yako ya hisa. Sahihisha namba ya benki, halafu omba gawio la miaka ya nyuma. Kodi ya zuio kwa kampuni zilizoorodheshwa soko la Dar es Salaam ni asilimia 5, usishangae kupungua.

Kwa marehemu Muislamu hapa Zanzibar, mlango ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na kukiwa na mgogoro wa warithi, Mahakama ya Kadhi. Asiye Muislamu njia yake ni mahakama. Anza na barua ya sheha, kisha cheti cha kifo, na hapo hapo hakikisha jina limefanana na la kitambulisho herufi kwa herufi. Kusahihisha cheti kabla hakijatumika ni kazi ya dirisha moja. Kukisahihisha baada ya kufika benki nne ni kurudi nyuma kote. Kama majina yanatofautiana bila ya makosa, apishwe mtu kwa hati ya kiapo inayoyataja majina yote kama yalivyoandikwa, pamoja na namba ya kila hati. Kiapo kinachosema tu "majina yote ni ya mtu mmoja" nimeona kikirudishwa. Toa nakala kadhaa zilizothibitishwa kwa muhuri, maana kila benki hubaki na yake.

Orodha ya warithi iwe kamili tangu siku ya kwanza: wake wote, watoto wa kila mama, na mama au baba wa marehemu kama yu hai. Aliyeachwa nje akijitokeza baadaye, faili husimama. Hesabu yenyewe haina siri. Kwanza gharama za mazishi na madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo mafungu. Chukua mfano zimebaki shilingi 4,800,000, na warithi ni mke, mtoto mwanamme mmoja na wanawake wawili. Mke thumuni, yaani moja ya nane, 600,000. Zinabaki 4,200,000, mafungu manne: mwanamme mawili, 2,100,000; kila mwanamke moja, 1,050,000. Angekuwepo mama wa marehemu angechukua sudusi, yaani moja ya sita, na mafungu ya watoto yangebadilika yote. Ndiyo maana naona Kamisheni ni bora kuliko kugawana barazani: mgawo unabaki kwenye karatasi.

Wanaopiga simu wakisema wameiona fedha yako na wanataka utume "ada ya kufungulia" kwanza, kata simu. Anayetaka namba ya siri au picha ya kitambulisho kwa WhatsApp, vivyo hivyo. Ada halali hulipwa kwenye taasisi yenyewe na risiti ikatoka.

Kwa walioishi nje, Kenya na Uingereza wametupita mbali. Sheria ya Kenya ya 2011 iliunda mamlaka ya fedha zisizodaiwa, UFAA. Amana ya benki isiyoguswa miaka 5 hupelekwa huko, na aliyefanya kazi Mombasa anaweza kutafuta bure kwenye tovuti yao, au kwa *361# akiwa na laini ya Kenya. Jaribu tahajia zote, na namba ya kitambulisho au pasipoti ya wakati ule. Uingereza, huduma ya My Lost Account hutafuta akaunti za benki bila ya malipo, na hata fedha ikishahamishiwa mfuko wa akaunti zilizolala baada ya miaka 15, haki ya mwenyewe haifi. Kwa pensheni za kazini iko Pension Tracing Service, nayo bure. Hii haikwambii kama una fedha. Inakupa anuani ya mfuko tu, na barua unaandika mwenyewe. Itakutaka jina la mwajiri, kwa hiyo liandike kama lilivyo kwenye slipu ya zamani, na uweke kwenye barua namba yako ya bima ya taifa ya kule pamoja na mwaka ulioanza na ulioacha kazi.