Gokati ya Rotax nje ya Nairobi: nililaumiwa mimi, kumbe ni jeti

Nimengoja siku kadhaa nipoe ndipo niandike, na bado sijapoa. Nitaandika hivyo hivyo.

Nianze na salamu, maana hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Jumapili moja majuzi, jua la saa nane, niliingia kwenye uwanja huo wa gokati, vile vigari vidogo vya mashindano, ulio nje kidogo ya Nairobi pamoja na mpwa wangu, nikamsalimia kijana aliyekaa kaunta. Hakuitikia. Macho yalikuwa kwenye simu. Mkono mmoja ukasukuma fomu ya kukubali hatari, na mdomo ukasema, "Lipa kwanza." Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, Mji wa Kale. Kwetu hata anayekuja kukudai deni hukusalimia, akakuuliza hali ya watoto, ndipo alete la deni. Nikameza, kwa sababu hamu ya kuendesha ilikuwa imenijaa mpaka kooni.

Nililipa kwa M-Pesa shilingi 12,000, vipindi 2 vya dakika 15 kila kimoja. Na bei hiyo sina ugomvi nayo hata kidogo. Anayezitafuta gokati za nguvu hapa Kenya anaijua taabu yake. Za kukodi za kawaida ziko, zile za injini ya Honda, ndugu wa injini zinazovuta maji shambani na kuwasha jenereta madukani. Nimeziendesha miaka mingi na ndizo zilizonifundisha kuisoma kona, siwezi kuzitukana. Lakini kuna siku unakanyaga mafuta hadi mwisho, unamaliza mzunguko mzima bila kuachia, na bado unasubiri kitu kitokee. Ukishafika hapo unaanza kuulizia zile za mashindano, zenye injini kali ya Rotax, na zile ni mali za watu. Huja nazo kwa trela, baba na mwana, sanduku la spana na madumu ya petroli. Kumwomba mtu akuonjeshe Rotax yake ni sawa na kumwomba nahodha akuachie chombo kwenye mlango wa bahari. Siwalaumu. Pistoni ikinasa kwa uzembe wa mgeni, vipuri vinaagizwa ng'ambo na anayelia ni mwenyewe.

Mimi ladha yake niliipatia kwa binamu yangu anayeishi Buraimi, Oman. Ukivuka mpaka pale unaingia Al Ain, na Al Ain kuna uwanja uliopokea fainali za dunia za Rotax mwaka 2011. Rafiki yake alinikalisha kwenye gokati yake kwa mizunguko 6. Sita tu. Nilirudi Nairobi nikawa naisikia ile sauti nikiwa ndani ya matatu. Kwa hiyo niliposikia kuna watu huku kwetu wanakodisha Rotax 125, zimenunuliwa Dubai zikiwa zimetumika, mtu yeyote aingie tu alipe aendeshe, usingizi wa usiku ule ulikuwa wa mang'amung'amu.

Sasa kipindi cha kwanza.

Mizunguko 2 ya mwanzo nilikwenda taratibu tairi zipate joto. Wa tatu nikaikanyaga. Ikapanda vizuri, kisomeo cha usukani kikafika mizunguko ya injini 9,000 kwa dakika, halafu ikaanza kubwabwaja. Ba-ba-ba-ba-ba, kama mtu anayesema na maji mdomoni. Injini hiyo ikiwa na afya hupita 13,000. Nikaachia, nikakanyaga tena: ba-ba-ba-ba. Kwenye sehemu ndefu iliyonyooka akanipita mvulana aliyekuwa kwenye gokati yake mwenyewe, akanigeukia kuona kama nimeharibikiwa.

Sauti hiyo naijua tangu utoto. Ami yangu alikuwa na mashua iliyofungwa mashine ya Yamaha Enduro ya mipigo miwili, oili na petroli vinakaa tangi moja, na kazi yangu wakati wa likizo ilikuwa kuchanganya oili na kusafisha plagi. Mashine iliyozidiwa na petroli hulia hivyo hivyo. Moshi mzito, harufu ya oili mbichi, nguvu hakuna. Ami akisema mashine "imelewa", na hakuhitaji kuifungua ili ajue.

Basi nikaingiza gokati kabla dakika hazijaisha. Nikamwambia kijana wa kaunta, kwa adabu kabisa, kwamba petroli inazidi, nahofia jeti ya kupima petroli iliyomo kwenye kabureta ni ya huko Dubai ilikotoka, tafadhali amwite fundi aitazame.

"Gari iko sawa, boss."

Nikamwomba aje aisikilize mwenyewe.

"Boss, kila mtu akishindwa kuendesha husema ni gari." Ndipo akaniangalia, kwa mara ya kwanza tangu nifike, akaanzia usoni akaishia tumboni. "Na pia hizi kilo zako. Hii si ya watu wazito. Ungechukua tu zile za kawaida."

Aliyasema hayo mpwa wangu akiwa amesimama pale pale na helmeti mkononi. Mtoto wa dada yangu, niliyemtoa Kisauni kwa likizo nimwonyeshe kitu ninachokipenda. Sikujibu. Uso ulinipata moto hadi masikioni.

Nina kilo 88, na sikatai kwamba uzito humpunguzia mtu mwendo. Lakini uzito hufanya gokati ichelewe kutoka kwenye kona. Inapanda polepole, ila sauti inakuwa safi mpaka juu. Uzito haufanyi injini ibwabwaje. Anayekodisha mashine hizi na hajui tofauti hiyo asikae kaunta kuwajibu watu, na kama anaijua basi alinidanganya mbele ya mtoto. Sijaamua bado lipi baya zaidi.

Jambo lenyewe si gumu. Nairobi na viunga vyake viko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 inazopanda. Hilo halina dawa, sote tunaumia sawa. Petroli ndiyo yenye dawa. Kabureta haijui kwamba imehama. Inaendelea kumimina kipimo kile kile kilichopangiwa hewa nzito ya Dubai, na hewa ya kukichoma chote haipo. Kinachopima ni jeti, kijishaba cha ukubwa wa punje ya mahindi, kina tundu katikati na namba ubavuni, na namba hiyo ni upana wa tundu kwa mia za milimita. Jeti ya 165 ina tundu la milimita 1.65. Ukipanda nchi ya juu unaweka yenye tundu dogo zaidi, basi. Rotax wenyewe huko Austria hutoa jedwali la jeti kulingana na mwinuko na joto la siku. Hakuna siri.

Na nitawatetea kidogo, maana haki ni haki. Kwenye injini ya mipigo miwili oili husafiri pamoja na petroli. Ukiibana petroli kupita kiasi umeibana na oili, joto linapanda, pistoni inanasa, na injini ya bei kubwa imekwenda. Mwenye uwanja anayekodisha kwa watu asiowajua ana sababu ya kuziacha zilewe kidogo. Ningeambiwa hivyo ningekubali. Ningesema sawa, mali ni yenu, ingawa kati ya kulewa kidogo na ile niliyopewa kuna safari ndefu. Sikuambiwa hivyo. Niliambiwa sijui kuendesha na nina tumbo.

Aliyeniokoa ni fundi mwenye mvi, ovaroli imepauka magotini, aliyekuwa akikaza cheni ya gokati nyingine upande wa pili wa karakana. Hakuna aliyemwita. Alikuwa ameisikia. Akaja akipangusa mikono, akanipa mkono, "Habari yako mzee wangu. Hii imelia vibaya." Nilitaka kumkumbatia.

Akachomoa plagi, akailaza kwenye kiganja, akanisogezea bila neno. Plagi yenye afya huwa na rangi ya kahawia, kama chai ya maziwa iliyokolea majani. Hii ilikuwa nyeusi tii, imelowa, na nchani palikuwa na tone linalong'aa, petroli na oili, likitetemeka kila mkono wake ulipotikisika. Akapitisha kidole gumba, kikatoka na masizi kama ya chungu cha kuni. Akachuchumaa, akafungua nati iliyo chini ya bakuli la kabureta, petroli ikamchuruzika hadi kwenye kifundo cha mkono, akaitoa jeti na kuielekeza juani aisome. Ilikuwa 165. Mfukoni mwa ovaroli alikuwa na kikebe cha vidonge kilichojaa jeti. Akazipekua kwa ncha ya kucha, akachagua ya 152, akafunga, akaweka plagi mpya. Haikufika dakika 10.

"Nimeiacha inywe kidogo," akaniambia, "kwa usalama. Lakini ukisikia sauti imekonda ghafla, achia mafuta papo hapo."

Kijana wa kaunta alikuwa mlangoni anatazama. Kimya.

Kipindi cha pili sijui nikieleze vipi. Ilipita 9,000 kana kwamba pale hapakuwahi kuwa na kizuizi. Ikapita 11,000, na sauti ikageuka, ikawa kali, ya kuchana, kama bafta mpya inavyopasuliwa dukani kutoka upindo hadi upindo. Kiti kikanisukuma mgongoni. Nikacheka peke yangu ndani ya helmeti, mtu mzima mimi.

Kona ndizo zilizonimaliza. Gokati haina difu, ile gia inayoyaacha magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti. Magurudumu ya nyuma yamekazwa kwenye ekseli moja na yanazunguka sawasawa, kwa hiyo lile la ndani lisipoinuka kidogo kwenye kona linaburuta na kukukaba. Unapokata usukani kwa nguvu chesisi inajipinda, gurudumu la ndani linaiacha lami kwa upana wa kidole hivi, na gokati nzima inageuka kama imebanwa na mkono. Unalisikia hilo kwenye makalio kabla ya kuliona. Halafu linatua, na hapo lazima injini iwe tayari kukuvuta. Kwenye kipindi cha kwanza lilikuwa linatua na hakuna kitu, ni kama kumwita mtu aliyelala. Sasa nikikanyaga inaruka. Kuna kona ya kushoto inayoteremka kidogo kabla ya ile sehemu ndefu. Mara ya tatu niliiingia bila kuogopa, nikatoka nayo hadi ukingoni kabisa, tairi zikinung'unika, na nikajua hii ndiyo niliyoionja Al Ain. Ile yenyewe. Huku kwetu.

Mbavu za kulia zinaniuma hadi leo, maana vazi la kinga waliloniazima lilikuwa limebaki na mkanda mmoja. Wakati ule sikuhisi chochote.

Mpwa wangu alikuwa akipima kwa simu. "Mjomba, umeshusha sekunde 4 na kitu kila mzunguko!" Uwanja ule ule, jua lile lile, kilo 88 zile zile. Natamani yule kijana asome mstari huu mara mbili.

Nilirudi kaunta nikiwa na furaha kiasi kwamba nilikuwa tayari kusamehe yote. Wallahi nilikuwa tayari. Nikamwambia naomba tu kipindi cha kwanza nirudiwe siku nyingine, kwa kuwa gokati haikuwa sawa na fundi wao mwenyewe ameirekebisha. Akajibu, "Kipindi ulikiendesha, boss." Kisha akaongeza kwamba nadaiwa shilingi 1,500 za plagi mpya. Plagi! Plagi iliyoloweshwa na jeti yao! Nikamwambia hiyo sitailipa, tutazame nani atachoka kwanza. Tukatazamana. Fundi akasema kwa mbali, "Wacha hiyo, ni yangu," na kijana akarudi kwenye simu yake.

Nilipoketi kuandika nilikuwa nimeanza na neno moja: msiende. Nimelifuta, nimelirudisha, nimelifuta tena. Mtu asiyejua sauti ya injini akienda pale atapewa gokati iliyolewa, ataambiwa hana kipaji, na ataamini. Atarudi nyumbani akidhani mchezo huu si wake. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa, kwa sababu mimi mwenyewe nilikaribia kuamini, kwa dakika moja hivi, nilipomwona mpwa wangu ameinamisha kichwa.

Lakini nikisema msiende, nitakuwa nimewanyima zile dakika 15 za pili, na sijui mahali pengine hapa nchini ambapo mtu wa kawaida anaweza kuingia kutoka barabarani akazipata. Kwa hiyo nendeni. Nendeni Jumapili, maana fundi aliniambia siku nyingine hayupo. Mpiteni wa kaunta, mtafuteni mwenye mvi, mwombeni awaonyeshe plagi kabla hamjaketi. Ikiwa nyeusi, msiondoke karakana. Hapana, hata hivyo sivyo inavyotakiwa: mteja aliyelipa hapaswi kufanya ukaguzi wa mashine ya mtu. Ila ndivyo hali ilivyo kwa sasa, na mimi Jumapili ijayo niko pale.

Zile shilingi 6,000 za kipindi cha kwanza bado nazidai. Nimewatumia ujumbe mara 2. Wameusoma.