Cheni ya boda kuukuu: grisi au oili ya gia?

Kwa barabara za murram za Bondo na Siaya, oili ya gia namba 90 inaishinda grisi, tena kwa mbali. Grisi hukaa juu tu. Haipenyi hadi kwenye pini, mahali cheni inapolika hasa. Isitoshe, hunasa vumbi ikawa kama msasa, na meno ya sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) yakachongoka. Sifa yake ni moja: mvua haiioshi upesi.

Oili ya gia huingia ndani. Sugua cheni kwa brashi na mafuta ya taa, ikauke, kisha idondoshee oili upande wa ndani ukizungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Subiri dakika 10, pangusa vizuri. Ukiiacha imelowa, oili itarukia tairi. Rudia kila kilomita 500, na kila ukinyeshewa.